Jina Lililoandikwa na Jina Lililofichwa: Ufeministi na Maandishi ya Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki kuhusu Ukatili wa Kijinsia

1.0 Utangulizi

Katika mji wa Naivasha, karibu na ufuo wa ziwa, upo mtaa uitwao Kihoto. Wengi wa wakazi wake wanategemea kazi ya mashamba ya maua, na sehemu kubwa ya wafanyakazi hao ni wanawake. Jina la mtaa huo ni neno la Kigikuyu lenye maana mbili zilizoshikana: haki, na hoja iliyonyooka kiasi cha kumshinda anayeipinga. Methali ya Wagikuyu husema kwamba kihoto huvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Kwa mujibu wa fikra hiyo, haki si zawadi ya mwenye nguvu. Ni tunda la maneno yaliyosemwa na kusikilizwa hadi mwenye silaha akaona haya kuitumia.

Makala haya yanakusudia kuichunguza kwa kipimo hicho historia ya maandishi yanayohusu ukatili wa kijinsia katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Maandishi yanayozungumziwa ni ya aina mbalimbali: hekaya, gazeti la ukutani, riwaya, wimbo, sheria na sera. Huenda msomaji akauliza sera ya chuo inahusianaje na uhakiki wa fasihi. Jibu ni kwamba sera, kama matini nyingine yoyote, ina msimulizi, ina wahusika, na inaamua ni nani atatajwa kwa jina na nani atafichwa. Maamuzi hayo ni ya kifani kabla hayajawa ya kisheria.

Hoja ya msingi inayotetewa hapa ni hii: kwa muda mrefu maandishi ya vyuo yalilifichua jina la mwanamke na kulificha la mwanamume aliyemdhulumu, na mchango mkubwa wa ufeministi katika eneo hili, kabla ya kudai adhabu, ulikuwa kuugeuza mpangilio huo. Mageuzi hayo hayajakamilika. Pale yasipokamilika, sera huwa mbaya kwa namna ile ile ulivyokuwa mbaya ule ukuta iliokusudiwa kuubomoa.

2.0 Hekaya ya Njoro

Kutoka Kihoto, msafiri anayefuata barabara kuu kuelekea kaskazini-magharibi hupita mji wa Nakuru na baadaye kufika Njoro, penye Chuo Kikuu cha Egerton. Taasisi hiyo ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo iliyoasisiwa na Lord Maurice Egerton kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotarajiwa kuwa wakulima katika eneo la walowezi. Ilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1987. Miongoni mwa mali zake ni kasri la mwasisi huyo, ambalo leo hutembelewa na watalii na wanafunzi wa shule.

Kasri hilo lina hekaya yake. Husimuliwa kwamba Lord Egerton alimpenda mwanamke na kutaka kumwoa. Kwamba mwanamke huyo aliikataa nyumba aliyoonyeshwa kwa kuwa ilikuwa ndogo. Kwamba bwana huyo akajenga kasri kubwa ili kumridhisha, naye akakataa tena. Na kwamba tangu hapo aliwachukia wanawake wote na kuwapiga marufuku wasikanyage ardhi yake. Ukweli wa kihistoria wa masimulizi hayo si suala la makala haya. Kinachohitaji kuangaliwa ni umbo lake.

Kwanza, mwanamke wa hekaya, jinsi inavyosimuliwa kwa kawaida, hana jina. Anatambulishwa kwa tendo moja tu, nalo ni kukataa. Pili, kukataa huko ndiko kunakobebeshwa chanzo cha madhara yote yanayofuata. Mwanamume aliyewafungia nje wanawake wasiomkosea lolote huonewa huruma; mwanamke aliyetumia haki yake ya kusema hapana hulaumiwa. Tatu, msikilizaji haambiwi kamwe mwanamke mwenyewe angesema nini. Hekaya imempa Lord Egerton kasri, jina na maumivu, na mwanamke ikampa ukimya.

Hekaya hii haikumdhuru mwanafunzi yeyote. Hata hivyo, inaonyesha kwa uwazi mantiki ambayo, mahali pengine katika Afrika Mashariki, ilipata ukuta wa kuandikiwa na mtu halisi wa kuandikwa. Mantiki hiyo ni kwamba "hapana" ya mwanamke ni kosa linalostahili malipo.

3.0 Ukuta wa Dar es Salaam

Kwa miaka mingi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na gazeti la ukutani lililojulikana kwa jina la Punch. Jina hilo linakumbusha jarida la kejeli la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1841. Karatasi zenye michoro na maneno zilibandikwa usiku, na wanafunzi walizisoma asubuhi zikiwa zimetundikwa mahali pa wazi. Mwandishi hakujulikana. Aliyezungumza ni mhusika wa kubuni, Mzee Punch, ambaye alijifanya baba wa jumuiya na mlinzi wa mila zake.

Katika asili yake, fani hii ilikuwa na sifa ambazo mhakiki wa fasihi angependa kuzitetea. Ilikuwa tashtiti dhidi ya wakubwa. Kutojulikana kwa mwandishi kulikuwa ngao ya mnyonge dhidi ya utawala wa chuo na wa nchi, kama ilivyo katika vitendawili, mafumbo na majina ya kupanga ambayo Waswahili wameyatumia tangu zamani kumsema mtawala bila kumtaja. Lakini fani haibaki na maana moja milele. Kadiri miaka ilivyopita, shabaha ya Punch ilihama kutoka kwa wenye mamlaka na kuwaelekea wanafunzi wa kike. Kufikia miaka ya 1980, waliochorwa na kuandikwa walikuwa hasa wanawake: aliyefaulu kupita kiasi cha kuvumilika, aliyeonekana kujitenga, aliyemkataa mwanamume. Aliyeandikwa alitakiwa pia kutengwa. Wenzake walikatazwa kuzungumza naye, na aliyevunja amri hiyo alijiweka katika hatari ya kuwa wa pili ukutani.

Hapo ndipo mpangilio wa majina ulipopinduka. Kutojulikana kulikokuwa ngao ya mnyonge kukawa pango la mwenye nguvu. Mwanamke alitajwa kwa jina, akachorwa mwili wake, akazushiwa visa. Mwandishi alibaki "Mzee," yaani sauti ya jumuiya nzima. Hakuna njia ya kumjibu mtu asiyekuwepo. Tashtiti ikawa hukumu isiyo na rufaa.

Tarehe 7 Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa chuo hicho, alijitoa uhai baada ya miezi ya kuandamwa kwa namna hiyo. Taarifa zilizoandikwa baadaye zinaeleza kwamba kisa kilianza na kukataa kwake kutongozwa, na kwamba malalamiko yake kwa wenye dhamana hayakumpatia kinga. Baada ya kifo chake, Punch ilipigwa marufuku. Mwezi Mei mwaka huohuo chuo kilifungwa, lakini sababu ilikuwa mgogoro wa wanafunzi na serikali. Kukaa kwa matukio hayo mawili katika mwaka mmoja kunatoa funzo. Maneno ya wanafunzi dhidi ya dola yalihesabiwa kuwa ya hatari mara yaliposemwa. Maneno yao dhidi ya wanawake yalihesabiwa kuwa mzaha hadi mtu alipokufa.

Ni vema kulitaja jina la Levina Mukasa katika makala kama haya, kwa kuwa lilikwisha kutwaliwa na ukuta. Wanaharakati waliolirejesha hadharani baada ya 1990 walifanya kazi ya kinyume na ile ya Mzee Punch: waliliandika pamoja na masikitiko yao na kwa majina yao wenyewe.

4.0 Rosa na Siti: Uhakiki Uliochelewa

Wahakiki wa Kiswahili hawakuwa na kisingizio cha kushangazwa na kifo hicho. Mwaka 1971, miaka 19 kabla yake, ilikuwa imechapishwa riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ambayo ndani yake msichana msomi anapita katika mikono ya wanaume wenye madaraka, akiwemo mkuu wa chuo anachosoma, na mwishowe anajiua. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Mjadala uliozoeleka juu yake umehusu malezi ya Zakaria, baba yake Rosa, na maadili ya Rosa mwenyewe. Je, baba alimbana mno? Je, binti alitumia vibaya uhuru wake? Maswali hayo yana msingi katika matini, kwani mwandishi mwenyewe aliwafikisha baba na binti mbele ya Mungu ili walaumiane. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba mkuu wa chuo hakuitwa katika mahakama hiyo ya mbinguni, na kwamba wasomaji wengi hawakuuliza kwa nini. Mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya masomo ya msichana alisomwa kama tukio katika maisha yake. Hakusomwa kama taasisi.

Wanaodai kwamba ufeministi ni mche ulioletwa kutoka Ulaya watafaidika kwa kukumbuka mfano wa zamani zaidi. Siti binti Saad wa Unguja, aliyeishi kati ya 1880 na 1950, aliimba taarabu juu ya kisa cha mwanamke aliyebakwa na kuuawa, na wimbo huo ukajulikana kwa jina la Kijiti, yaani jina la mtuhumiwa. Katika kisa hicho mwanamume alitoroka kuelekea bara, na walioadhibiwa ni wanawake waliokuwa mashahidi. Mahakama ya kikoloni iligeuza mashahidi kuwa wakosaji. Siti aliugeuza mpangilio huo katika utungo: aliyetoroka sheria hakutoroka wimbo. Hapa hapakuwa na nadharia yoyote ya kigeni. Palikuwa na msanii wa watu wa chini aliyetambua kwamba haki huanza na swali la nani anatajwa.

Si kwa bahati, basi, kwamba Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Chama hicho ndicho kilichokuwa mstari wa mbele kukifanya kifo cha Levina Mukasa kuwa suala la taifa. Ndani ya chuo chenyewe, wanataaluma wanawake walikuwa wamejikusanya katika vikundi vya utafiti tangu miaka ya mwanzo ya 1980, na mwaka 1993 Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulianzishwa. Harakati hizo zilikuwa miongoni mwa nguvu zilizosukuma kutungwa kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Katika sheria hiyo, unyanyasaji wa kingono unaweza kufanywa kwa maneno pia, na si kwa vitendo peke yake. Kwa mtu anayekumbuka ukuta wa Dar es Salaam, kuingizwa kwa "maneno" katika kifungu hicho ni jibu, hata kama halikuandikwa hivyo.

5.0 Kutoka Meru hadi Bungeni

Kenya ilikuwa na mwaka wake wa aibu. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya mseto ya St. Kizito huko Meru, wavulana waliwavamia wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Mara nyingine tena, kosa la awali lilikuwa kukataa. Na mara nyingine tena maneno yalisaliti fikra: kauli iliyoripotiwa kutoka kwa uongozi wa shule ilieleza kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana, walitaka tu kuwabaka. Sentensi hiyo ilizunguka duniani kwa sababu ya ukatili wake usiojijua. Mtamkaji alikuwa akieleza desturi, na katika desturi hiyo kubaka hakukuhesabiwa miongoni mwa madhara.

Miaka 15 baadaye, Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa, aliwasilisha mswada uliokuja kuwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Mjadala wake bungeni unastahili kusomwa kama matini ya kejeli. Mbunge mmoja mwanamume alidai kwamba mwanamke wa Kiafrika husema hapana akiwa na maana ya ndiyo, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi. Dai lake ndilo lile la hekaya ya Njoro likivaa suti: kukataa kwa mwanamke hakuaminiki, hivyo hakumfungi yeyote.

Sheria ilipita, lakini ikiwa na makovu ya mjadala huo. Kovu lililo muhimu zaidi kwa makala haya ni kifungu cha 38, kilichosema kwamba anayetoa madai ya uongo ataadhibiwa kwa adhabu sawa na ile ya kosa alilolidai. Kwa juu juu kifungu hicho kilionekana cha haki. Kwa undani, kilimwambia kila aliyetaka kushtaki kwamba jina lake litaanza kuchunguzwa kabla ya jina la mshtakiwa, na kwamba akishindwa kuthibitisha kesi atajikuta karibu na kizimba. Hilo ndilo lililowapata mashahidi wa kisa cha Kijiti. Kifungu cha 38 kilifutwa mwaka 2012, baada ya miaka sita ya kuwatia watu hofu.

Lipo pia pengo ambalo wasomi wa vyuo hawana budi kuliangalia. Kifungu cha 24, kinachohusu matumizi mabaya ya mamlaka, kinawataja walimu na wafanyakazi wa shule za msingi, za sekondari na za elimu maalumu. Chuo kikuu hakikutajwa kwa jina. Mhadhiri anaweza kufikiwa na vifungu vingine, kama vile kile cha wenye nafasi ya kuaminiwa na kile cha 23 kinachohusu unyanyasaji wa kingono. Lakini hiki cha 23 kinadai kwamba matakwa yasiyotakiwa yawe yamerudiwarudiwa. Mwanafunzi aliyeambiwa mara moja tu, ofisini, kwamba alama zake zinategemea ukubali wake, anabaki akitafuta kifungu cha kukalia. Sera ya chuo inahitajika hasa katika pengo hilo.

6.0 Sera kama Matini

Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa maandishi. Mbali na sheria ya Kenya, Chuo Kikuu cha Makerere kilipitisha sera na kanuni zake dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa na sera yake ya kupinga unyanyasaji huo. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu kifo cha Levina Mukasa. Vyuo vingine vya eneo hili vilifuata kwa nyakati tofauti, mara nyingi kwa juhudi za vituo vya masomo ya jinsia vilivyoanzishwa na wanataaluma wanawake.

Ukizisoma sera za namna hii kama mhakiki anavyosoma hadithi, utaona kwamba ubora wake unategemea mambo matatu. La kwanza ni fasili: je, kosa linaelezwa kwa nia ya mtendaji au kwa hali ya mtendewa? Fasili inayouliza kama tendo "halikutakiwa" inamfanya mtendewa kuwa msimulizi. Fasili inayouliza kama mtendaji "alikusudia ubaya" inamrudisha Mzee Punch kitini. La pili ni siri: je, jina la mlalamikaji linalindwa, na linalindwa na nani? La tatu ni wasikilizaji: je, kamati inayopokea malalamiko ina watu wasio wenzake mshtakiwa katika idara moja? Sera inaweza kuwa na kurasa nyingi za maadili na bado ikashindwa katika maswali haya matatu. Ikishindwa, mlalamikaji atatakiwa kurudia kisa chake mbele ya watu wengi, jina lake litapita korido kabla ya faili lake, na naye atakuwa amebandikwa ukutani upya, safari hii kwa muhuri wa chuo.

Matukio ya mwaka 2018 yalithibitisha umuhimu wa maswali hayo. Huko Makerere, iliundwa kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale, mwanasheria na mwanafeministi, kuchunguza unyanyasaji wa kingono chuoni. Kuundwa kwake, miaka 12 baada ya sera kupitishwa, kulikuwa ungamo kwamba karatasi haikutosha. Huko Dar es Salaam, mwezi Novemba, wakati Rais John Magufuli alipofika kuzindua maktaba mpya ya chuo, Vicensia Shule, mhadhiri wa sanaa za maonyesho, aliandika hadharani kuhusu rushwa ya ngono chuoni hapo. Istilahi aliyoitumia ilikuwa na mizizi katika sheria, kwani Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 ilikwisha kulitambua kosa hilo. Aliitwa kujieleza.

Tendo la Shule lina uzito wa pekee katika historia inayofuatwa hapa. Mzee Punch aliandika bila jina ili kumtaja mwanamke. Mhadhiri huyu aliandika kwa jina lake ili kuitaja taasisi, bila kumfichua mwanafunzi yeyote. Kwamba wa kwanza kuulizwa alikuwa aliyesema ni ushahidi kwamba mpangilio wa zamani haukuwa umekufa. Lakini neno "rushwa ya ngono" lenyewe lilikwisha kufanya kazi yake. Linamtoa mwanafunzi katika nafasi ya mwanamke mwenye maadili mabaya, aliyokuwa amewekwa Rosa, na kumweka mhadhiri katika nafasi ya afisa anayeuza kitu kisicho chake. Alama ni mali ya umma. Anayezipiga bei ameiba kabla hata hajadhulumu.

Wapo wanaopinga kwamba sera za namna hii zinahatarisha haki ya mshtakiwa na kufungua mlango kwa visasi. Hofu hiyo haipaswi kudharauliwa. Mtu anayeshtakiwa ana haki ya kujua tuhuma, kujibu na kukata rufaa, na historia ya ukuta inatufundisha ubaya wa hukumu isiyo na rufaa. Hata hivyo, hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho inaunga mkono sera nzuri badala ya kuipinga. Ukimya rasmi haujawahi kuzuia tuhuma. Umezisukuma tu ziwe uvumi, na uvumi haumlindi yeyote, asiye na hatia akiwemo.

7.0 Kurudi Kihoto

Inafaa sasa kurudi Naivasha, kwa sababu ulinganisho unaopatikana huko hauwapendezi sana wanachuo. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, mashirika ya haki za binadamu na ya wafanyakazi yalieleza jinsi wanawake katika mashamba ya maua walivyonyanyaswa na wasimamizi waliokuwa na uwezo wa kuwapa au kuwanyima kibarua. Umbo la dhuluma hiyo ni lile lile la chuoni: mtu mmoja ameshika kitu ambacho mwenzake hawezi kuishi bila hicho. Shambani ni mkataba na zamu. Chuoni ni alama na saini ya msimamizi wa tasnifu.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 6, ilimtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe tamko la sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Tamko hilo lazima lieleze fasili ya kosa, njia ya kulalamika na hatua za nidhamu. Zaidi ya hayo, lazima liseme kwamba mwajiri hatalitoa jina la mlalamikaji wala mazingira ya malalamiko yake, isipokuwa pale inapobidi kwa ajili ya uchunguzi au hatua za nidhamu. Kwa maneno mengine, sheria imeingia hadi katika suala la jina.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Mfanyakazi wa shamba la maua anayeishi Kihoto, ambaye huenda hakumaliza shule, amelindiwa jina lake na sheria ya Bunge. Katibu muhtasi wa idara ya chuo kikuu huko Njoro, akiwa mwajiriwa, analindwa vivyo hivyo. Lakini mwanafunzi anayeketi mbele ya mhadhiri katika jengo hilohilo si mwajiriwa wa mtu. Kwa habari ya jina lake, anategemea sera ya chuo na uadilifu wa wanaoitekeleza. Hakuna anayepaswa kudhani kwamba kifungu hicho kimekomesha dhuluma mashambani. Sheria iliyoandikwa na sheria inayotembea ni vitu viwili. Hata hivyo, kwa upande wa maandishi, msomi ameachwa nyuma na kibarua. Jumuiya inayojivunia maandishi haikuwa ya kwanza kuandika vema juu ya jambo hili.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hekaya ya kasri, ukuta wa Punch, mahakama ya mbinguni ya Rosa, wimbo wa Siti, kifungu cha 38 na sera za 2006 vinaweza kusomwa pamoja, kwa sababu vyote vinajibu swali moja: aliyekataa ni nani katika masimulizi haya, mkosaji au shahidi? Katika hekaya ni mkosaji asiye na jina. Ukutani ni mkosaji mwenye jina. Kwa Siti, na kwa wanawake waliolitwaa jina lake kuwa jina la jarida, mkosaji ni aliyetenda, naye hutajwa.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, idara za fasihi haziwezi kuyaachia maofisi ya sheria na ya jinsia peke yake maandishi haya. Kusoma fasili, kutambua msimulizi na kuuliza nani amenyamazishwa ni kazi za mhakiki, na kamati zinazotunga sera zingenufaika na macho hayo. Pili, idara hizo zina deni. Zilikuwa na Rosa Mistika mkononi kwa miaka 19 kabla ya 1990, na zilikuwa na ukuta mbele ya macho. Ukuta ulisomwa na wengi kama mzaha wa vijana, na riwaya kama funzo la malezi. Levina Mukasa alikufa miongoni mwa watu waliofundishwa kusoma.

Kihoto, kwa maana ya neno lenyewe, hudai mambo mawili kwa pamoja: hoja iliyo sawa na watu wa kuisikiliza. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimejipatia sehemu ya lile la kwanza. Sera nyingi zimekwisha kuandikwa. La pili litapimwa siku ambapo mwanafunzi atabisha hodi katika ofisi inayohusika, ataje jina la aliyemdhulumu, na atoke humo jina lake mwenyewe likiwa bado ni lake.